Mashine Isiyomkemea Mtoto

Mpe mtoto wa miaka 10 roboti ndogo yenye magurudumu mawili na kalamu iliyofungwa tumboni, umwambie aielekeze ichore mraba juu ya karatasi kubwa. Atabahatisha kidogo, kisha atapata: nenda mbele sentimita 20, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Sasa mwambie achore pembetatu yenye pande sawa. Darasani alishafundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60, kwa hiyo ataandika 60 bila wasiwasi wowote. Roboti itakwenda, itageuka, itakwenda tena, na mwisho itaacha kwenye karatasi umbo lililo wazi upande mmoja, kama bakuli lililofunikwa. Mtoto atalitazama, atabadilisha karatasi, atajaribu tena kwa 60 ileile akidhani betri imeisha nguvu. Bakuli lilelile. Halafu atainuka, atatembea yeye mwenyewe sakafuni kana kwamba ndiye roboti, na akifika kwenye kona atagundua kwamba mwili wake hauzunguki nyuzi 60. Unazunguka 120, maana anayetembea hugeuka kwa kipimo cha pembe ya nje. Ataandika 120, na pembetatu itafunga.

Katika dakika hizo chache mtoto amekosea mara mbili, na hakuna aliyemkaripia, aliyemcheka wala aliyemnong'oneza jibu. Kosa lililala mbele yake kwenye karatasi, likamwonyesha lenyewe limetokea wapi. Nadhani hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya mchezo huu wa kuunganisha matofali ya plastiki na kuunda roboti, ambao sasa unaingia katika shule na majumba ya miji yetu. Wanaoutangaza hupenda kusema kwamba utampatia mtoto ajira ya kesho. Inawezekana, ingawa hakuna awezaye kuapa soko la ajira litakuwaje mtoto wa leo atakapofika umri wa kuajiriwa. Faida ninayoitetea mimi inaonekana leo hii, na mzazi anaweza kuishuhudia kwa macho yake: mtoto anazoea kulichukulia kosa kama habari ya kumsaidia, wala si aibu ya kufichwa.

Linganisha na safari ya kosa katika daftari. Mtoto anafanya hesabu kumi, daftari linakusanywa pamoja na mengine mengi, na kesho au keshokutwa linarudi likiwa na alama za wino mwekundu. Wakati huo ameshasahau alikuwa akiwaza nini alipoandika jibu. Anachokiona ni kwamba amepata nne kati ya kumi, na jirani yake amepata tisa. Akili ya kawaida itamwelekeza kwenye njia fupi, yaani safari ijayo achungulie kwa jirani. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini ili mtu asirudie kosa lazima kwanza alione, alione mapema, na awe na nafasi ya kujaribu tena papo hapo. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kumpa kila mmoja nafasi hiyo hata angekuwa na moyo wa dhahabu. Kipande cha plastiki chenye mota kinaweza.

Tuanze na tofali lenyewe, kwa sababu hata kabla ya mota na kompyuta linafundisha. Mwaka 1932, huko Billund nchini Denmark, seremala Ole Kirk Kristiansen alipungukiwa na kazi za ujenzi kutokana na mdororo wa uchumi, akaanza kutengeneza vitu vya mbao vya kuchezea watoto. Mwaka 1934 aliipa karakana yake jina LEGO, lililotokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya cheza vizuri. Matofali ya plastiki yalikuja mwaka 1949, yakifuata wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page, lakini yalikuwa matupu kwa ndani na yaliachia upesi. Dawa ilipatikana mwaka 1958, kampuni ilipoomba hataza ya tofali lenye mirija midogo kwa ndani, ambayo hubana vinundu vya tofali la chini yake. Tangu hapo vipimo havijabadilika. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kimo cha tofali ni milimita 9.6, na kile kibapa chembamba ni milimita 3.2, theluthi kamili ya tofali. Mtoto anayepanga vibapa vitatu vikalingana na tofali moja ameshika theluthi kwa vidole vyake kabla hajaiona ubaoni, na tofali la mwaka 1958 bado litashikamana na lililotoka kiwandani leo.

Kutokana na vipimo hivyo vichache huzaliwa wingi usioelezeka. Matofali mawili ya rangi moja, kila moja likiwa na vinundu 8, yanaweza kuunganishwa kwa namna 24. Ukiongeza la tatu, namna zinafika 1,060. Yakiwa sita, zinafika 915,103,765, hesabu iliyofanywa kwa kompyuta na mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Idadi hiyo ina maana kwa mtoto: hakuna jibu moja ambalo mwenzake anaweza kumwibia. Kila jengo linajitetea lenyewe au linaanguka lenyewe. Anayepanga mnara kwa kubandika tofali juu ya tofali, viungo vyote vikiwa mstari mmoja, ataona mnara unapasuka katikati mara tu anapouegemea. Akijaribu kulikalisha tofali la juu katikati ya mawili ya chini, ukuta unashikana. Fundi mwashi yeyote wa Mwanza au Mombasa anaijua siri hiyo. Mwashi aliipata kwa bwana wake, na mtoto ameipata kwa kuangusha mnara mara tatu.

Gia hufundisha kwa njia hiyohiyo. Mtoto anataka gari lake liende kasi, anafunga gia kubwa ya meno 40 kwenye mota iizungushe gia ndogo ya meno 8 iliyo kwenye gurudumu. Kwa hesabu, gurudumu litazunguka mara tano kila mota inapozunguka mara moja. Anawasha, mota inaunguruma, gari halisogei. Anapindua mpangilio, gia ndogo ikaendesha kubwa, na sasa gari linatambaa polepole huku likipanda mlima wa vitabu bila kusita. Amekutana na sheria ambayo mwendesha baiskeli ya gia huisikia miguuni: kinachoongezeka katika kasi hupungua katika nguvu. Neno uwiano, ambalo wengi wetu tulilikariri ili tufaulu mtihani, kwake lina uzito na sauti.

Wazo la kuunganisha matofali haya na kompyuta lina mizizi barani Afrika. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alikuwa mwanahisabati, na kabla ya kuhamia chuo cha MIT nchini Marekani alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza namna mtoto anavyojijengea maarifa. Mwaka 1967 Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walibuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na baadaye ikaja roboti ya sakafuni iliyoitwa kasa, iliyotembea na kuchora kwa kufuata maagizo ya Logo. Zoezi la pembetatu nililoanza nalo linatokana na kasa huyo. Papert alieleza fikra zake katika kitabu Mindstorms cha mwaka 1980. Aliona kwamba mtu anayeandika programu haulizi kama programu ni sahihi au si sahihi, huuliza kama inarekebishika, na akatamani watoto waitazame akili yao wenyewe kwa jicho hilo. Mwaka 1998 LEGO ilipotoa seti yake ya roboti iliyotokana na ushirikiano na MIT, iliiita kwa jina la kitabu hicho.

Roboti ya namna hiyo ina sehemu tatu ambazo mtoto huzielewa haraka. Kuna vihisi, ambavyo ni macho na masikio yake; kuna mota, ambazo ni misuli; na katikati kuna kompyuta ndogo inayopokea habari na kutoa amri. Kazi inayopendwa sana na wanaoanza ni kuifanya roboti ifuate mstari mweusi uliobandikwa juu ya karatasi nyeupe. Kihisi hutupa mwanga chini na kupima unaorudi. Tuseme juu ya weupe kinasoma 70 na juu ya weusi kinasoma 10. Mtoto anachagua namba ya katikati, 40, na kuandika agizo: ukisoma chini ya 40 geuka kulia, ukisoma zaidi ya 40 geuka kushoto. Maana yake ni kwamba roboti haifuati mstari, inafuata ukingo wake, ikiyumba huku na huku kama mtu anayetafuta njia gizani kwa kupapasa ukuta. Kwenye kona kali inapitiliza na kupotea. Mtoto anapunguza kasi, inapita. Saa nane mchana jua linaingia dirishani na roboti iliyofaulu asubuhi inakataa kazi, kwa kuwa mwanga wa jua umebadilisha vipimo. Inabidi apime upya weupe na weusi, au asogeze kihisi karibu zaidi na sakafu. Kwa siku moja amejifunza kupima kabla ya kuamini, na kwamba jambo lililokuwa kweli asubuhi linaweza kudai kuthibitishwa tena jioni.

Je, kuna ushahidi kwamba haya yanamsaidia mtoto nje ya mchezo wenyewe? Upo, ila unataka kusomwa kwa uaminifu. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 kuhusu uwezo wa kuona maumbo kichwani, kuyageuza na kuyapanga, uwezo ambao unahusiana kwa karibu na hisabati na uhandisi. Walihitimisha kwamba uwezo huo si kipaji cha kuzaliwa nacho tu. Hufunzwa, ukakua, na faida yake ikadumu. Mwaka 2015 Jamie Jirout na Nora Newcombe walichambua takwimu za watoto 847 wa Marekani wenye umri wa miaka 4 hadi 7, wakaona kwamba waliocheza mara nyingi zaidi na matofali, mafumbo ya vipande na michezo ya ubao walifanya vizuri zaidi katika kipimo cha kupanga maumbo. Utafiti wa namna hii hauwezi kukata shauri kama mchezo ndio ulioleta uwezo, au uwezo ndio ulioleta hamu ya mchezo. Mwaka 2007 Dimitri Christakis na wenzake walikuwa wamejaribu kulifungua fundo la namna hiyo. Waligawanya kwa bahati nasibu familia 175 zenye watoto wadogo wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili na nusu, baadhi wakapewa matofali na mapendekezo ya namna ya kuyachezea. Miezi sita baadaye watoto waliopewa walikuwa na alama za juu zaidi za lugha. Msomaji ajue kwamba utafiti huo ulifadhiliwa na kampuni inayouza matofali. Ajue vilevile kwamba wazazi walipewa mawaidha pamoja na matofali, na jambo hilo la pili ndilo ninalotaka tulishike.

Maana upo ushahidi wa upande wa pili, nao ni mzito. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, waliwapima watoto waliotumia mwaka mmoja wa shule wakijifunza Logo. Waliwapa kazi ya kupanga ratiba ya kusafisha darasa kwa hatua chache kadiri inavyowezekana. Watoto wa Logo hawakuwashinda wenzao ambao hawakuwahi kuandika programu. Karibu miongo mitatu baadaye nchi nyingi, Rwanda ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeshanunua kompyuta ndogo za mpango uliojulikana kama One Laptop per Child, mpango uliochota mengi katika fikra za Papert. Tathmini iliyofanywa katika shule 319 za vijijini nchini Peru na kutolewa mwaka 2012 haikukuta maendeleo yoyote katika alama za hisabati wala za lugha. Mwenye kupinga mchezo huu akisema kwamba kifaa hakimgeuzi mtoto kuwa mwanafikra, amesema kweli, na vitabu vinamuunga mkono.

Hata hivyo tuangalie ni nini hasa kilichoshindwa. Katika Logo ya Bank Street watoto waliachwa kwa sehemu kubwa wajigundulie wenyewe, na nchini Peru kompyuta zilifika kabla walimu hawajaandaliwa vya kutosha kuzitumia katika masomo. Tafiti nyingine, zikiwemo za Douglas Clements, zilipata matokeo mazuri pale mwalimu alipokaa karibu, akimuuliza mtoto alichotarajia, alichokiona, na tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili. Hili halivunji hoja yangu, linaikamilisha. Roboti inalionyesha kosa, lakini kulisoma kosa ni ufundi unaorithishwa na mtu. Mtoto aliyeachwa peke yake anaweza kubadilisha namba ovyo hadi mashine itii, akaondoka na ushindi bila maelezo. Mtoto aliyeulizwa, mwanangu, ulidhani itafanya nini, lazima aitoe fikra yake mdomoni, na fikra iliyotoka mdomoni inaweza kuchunguzwa.

Kwa hiyo kazi ya mlezi ni ngumu kwa namna yake: aulize, avumilie, afunge mikono yake. Kosa linalowapata wazazi wengi ni la upendo. Baba anaona mwanawe anahangaika na gia, anaichukua, anaifunga vizuri, anairudisha, na gari linakwenda. Gari limefaulu na mtoto amenyang'anywa somo. Mashindano ya FIRST LEGO League, yaliyoanza mwaka 1999 chini ya taasisi iliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen, yalilijua tatizo hilo. Roboti ya timu hupewa dakika mbili na nusu mezani, lakini waamuzi pia huketi na watoto na kuwauliza kwa nini waliunda walivyounda. Roboti iliyojengwa na mtu mzima hukosa wa kuielezea. Mzazi nyumbani anaweza kutumia kanuni hiyohiyo bila mashindano yoyote: ampongeze mtoto kwa maelezo kabla ya kumpongeza kwa gari.

Pingamizi linalosikika zaidi kwetu ni la bei, na halifai kupuuzwa. Seti za mwisho za Mindstorms ziliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300, kabla ya kuongeza nauli na ushuru wa kufika huku. Familia nyingi zingelazimika kuchagua kati ya roboti na karo, na shule nyingi kati ya roboti na madawati. Isitoshe, mwisho wa mwaka 2022 kampuni iliacha kuuza bidhaa hiyo, ikawa funzo kwa yeyote anayetaka kujenga somo zima juu ya sanduku la kampuni moja. Lakini kama thamani iko katika kujaribu, kuona na kurekebisha, basi sanduku si sharti. Scratch, lugha ya kupanga maagizo kwa vipande vya rangi iliyotoka MIT mwaka 2007, ni ya bure na kurasa zake zinapatikana kwa Kiswahili, hivyo mtoto asiyejua Kiingereza hakwami mlangoni. Kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho micro:bit, ambacho mwaka 2016 shirika la BBC lilianza kuwagawia wanafunzi hadi milioni moja wa Uingereza, kina taa 25, vitufe viwili, dira na kihisi cha mwendo, na kinauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya seti zile kubwa. Kimoja kinatosha watoto watatu, na kubishana kwao ni sehemu ya somo.

Tena mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Kabla plastiki ya Denmark haijafika, watoto wa Afrika Mashariki walikuwa wakikunja magari ya waya. Litazame mojawapo kwa makini. Fremu ni waya uliokunjwa mara mbili ili usilegee. Magurudumu yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa, au ni makopo ya dawa ya viatu, au vizibo vya soda. Kutoka kwenye ekseli ya mbele hupanda waya mrefu hadi kifuani mwa mtoto, na juu yake kuna usukani wa duara, hivyo dereva hutembea nyuma ya gari lake wima, akikata kona kwa mkono. Aliyelitengeneza amelazimika kutatua tatizo la kuhamisha mzunguko kutoka juu hadi chini, na kama ekseli imebana sana au imelegea sana, gari humwambia palepale. Huo ni uhandisi, na tumeuita utundu. Nchini Uganda, shirika la Fundi Bots lililoanza mwaka 2011 linafundisha roboti mashuleni, na limejiita kwa neno la Kiswahili ambalo kila mtaa unalielewa. Jina hilo lina maana kubwa, kwani linamweka mtoto wa roboti katika ukoo mmoja na fundi redio, fundi cherehani na fundi baiskeli, watu ambao wamekuwa wakisoma makosa ya vitu kwa mikono tangu zamani.

Wapo watakaosema kwamba mitihani haisubiri, na saa zinazoliwa na matofali zingefaa kwa masomo ya ziada. Nawaelewa, mtihani wa taifa hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine, na mzazi anayehofia matokeo hahofii bure. Lakini saa mbili za Jumamosi haziangushi mtihani. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5.6 husafiri takriban sentimita 17.6 kwa mzunguko mmoja, na mtoto anayetaka roboti yake isafiri sentimita 88 kisha isimame atagawanya, atapata mizunguko mitano, na hataisahau pai iliyompa mzingo wa gurudumu. Zaidi ya hapo, mitaala yetu yenyewe imeanza kuelekea huku. Kenya imeingia katika mtaala wa umilisi, unaopima anachoweza mtoto kukifanya, na Tanzania, katika toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Shule zitakazotimiza maneno hayo zitahitaji watoto waliozoea kuunda kitu, kikashindikana, wakakirudia bila kuona haya.

Kwa sababu hiyo ni dhuluma mchezo huu ukiachwa kuwa wa wavulana. Katika utafiti ule wa watoto 847, wazazi walieleza kwamba wavulana huchezea vitu vya kupanga maumbo zaidi ya wasichana. Tukikumbuka matokeo ya tafiti 217, kwamba uwezo wa kuona na kupanga maumbo hukua kwa mazoezi, na kwa jinsia zote mbili, tunaona namna pengo linavyotengenezwa nyumbani na baadaye kuitwa maumbile. Binti anayepewa mwanasesere pekee huku kaka yake akipewa matofali ameanza shule akiwa na deni ambalo hakulikopa. Mara nyingi pia yeye ndiye aliyelelewa kuogopa kukosea mbele ya watu, kwa hiyo mashine isiyomkemea ina la kumpa hata zaidi ya kaka yake.

Mzazi au mwalimu anayetaka kuanza hahitaji kungoja mfadhili. Anahitaji kipande cha chaki, uwanja, kitambaa na watoto wanne. Mmoja afungwe macho awe roboti, wenzake waandike maagizo ya kumfikisha mlangoni, na roboti asifanye lolote ambalo halikuandikwa. Watu wataandika nenda mbele, na roboti atakwenda mbele hadi agonge mwembe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia hatua ngapi. Watacheka, watahesabu hatua, wataandika upya. Baadaye wachore pembetatu ya chaki na kuitembea, wakipingana kama kona ni nyuzi 60 au 120. Mwalimu akijisikia kutoa jibu, aung'ate ulimi. Katika lugha yetu fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja, na ukoo huo hukutana hapo: mtoto amepiga magoti juu ya mstari aliouchora vibaya, anaufuta kwa kiganja, na mkono wa pili tayari umeshika chaki.